Gari linalohitaji msimamizi lisiitwe gari linalojiendesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu magari yanayojiendesha. Kila habari ya magari hayo inapochapishwa, swali linaloulizwa ni lile lile: yataenea lini? Naona liko swali linalopaswa kutangulia hilo, nalo ni gari gani hasa linastahili kuitwa hivyo, kwa sababu chini ya jina hilo moja tumeviweka vitu viwili visivyofanana, na kule kuvichanganya kumekwisha kugharimu maisha ya watu.

Nimefundisha udereva kwa zaidi ya miaka ishirini. Karibu kazi yangu yote nimeifanya nikiwa nimeketi kwenye kiti cha abiria, katika gari lililofungwa breki ya pili chini ya mguu wangu, nikimwangalia mtu mwingine akiendesha. Wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa hatari kwa mwalimu ni yule wa siku ya kwanza. Sivyo. Yule wa siku ya kwanza, anayelirusharusha gari kama chura na kuukata usukani ghafla kwenye kona, humweka mwalimu wake macho muda wote. Ninayemhofia ni mwanafunzi wa wiki ya sita, ambaye amekwisha kupita makutano mengi bila kosa, anayetazama vioo bila kukumbushwa, na ambaye mwili wangu umeanza kumwamini kabla akili yangu haijatoa idhini. Hapo ndipo mguu wangu huteleza taratibu kutoka juu ya breki, na macho yangu yakabaki barabarani bila kutafuta chochote. Mwanafunzi wa namna hiyo aliwahi kuelekea kwenye kivuko cha watembea kwa miguu bila kupunguza mwendo, na nilipokanyaga breki, gari lilisimama hatua moja tu kutoka kwa mtoto aliyekuwa akivuka. Mwanafunzi yule alikuwa bado anajifunza. Aliyekosa ni mimi, niliyekuwa nimekaa pale kwa kazi moja tu ya kuwa tayari.

Naileta habari hiyo kwa sababu kazi ile ile ya kumsimamia dereva anayekaribia kuwa hodari ndiyo waliyokabidhiwa sasa mamilioni ya watu ambao hawakufunzwa kuifanya.

Mwaka 2014 shirika la wahandisi wa magari la SAE lilitoa mgawanyo wa ngazi, kuanzia sifuri hadi tano, ambao leo hutumiwa na wahandisi na watunga sheria wa nchi nyingi. Ngazi mbili za mwanzo hazitusumbui hapa. Katika ngazi ya pili gari hushika usukani, huongeza mwendo na kufunga breki lenyewe, lakini dereva bado ni mtu aliyeketi nyuma ya usukani, ambaye hatakiwi kuyaondoa macho yake barabarani. Ngazi ya tatu humruhusu mtu huyo aache kutazama, kwa masharti, mradi awe tayari kuupokea usukani akiitwa. Katika ngazi ya nne gari halimhitaji dereva maadamu limo katika eneo na hali lililoandaliwa kwazo, na likishindwa hutakiwa kujitoa lenyewe katika hatari. Ngazi ya tano, ya gari liwezalo kwenda popote ambapo dereva wa kibinadamu angeweza kwenda, haijafikiwa na yeyote. Tofauti iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, iko pale kati ya mbili na tatu, ambapo wajibu wa kutazama unahama kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine.

Wahandisi wapewe haki yao, kwani walikotoka ni mbali. Mwaka 1995 gari la Mercedes lililotayarishwa na timu ya Profesa Ernst Dickmanns wa Ujerumani lilisafiri kutoka Munich hadi Denmark, sehemu kubwa ya njia likijiongoza kwa kamera. Mwaka 2004 DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, iliyashindanisha magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave, na katika njia ya zaidi ya kilomita 200 hakuna lililofikisha hata kilomita 12. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza njia ya kilomita 212, na mshindi lilikuwa gari la Chuo Kikuu cha Stanford lililotayarishwa na timu ya Sebastian Thrun, ambaye baadaye aliongoza mradi ulioanzishwa na Google mwaka 2009. Mradi huo ndio uliokuja kuwa kampuni ya Waymo mwaka 2016.

Anayetaka kuiona ngazi ya nne ilivyo azitazame teksi za Waymo, ambazo tangu Oktoba 2020 zimekuwa zikiwabeba abiria wa kawaida katika eneo la Phoenix pasipo mtu kwenye kiti cha dereva, kisha zikaingia San Francisco, Los Angeles na miji mingine ya Marekani. Nchini China kampuni ya Baidu inatoa huduma kama hiyo mjini Wuhan na kwingineko. Gari la Waymo hutumia kamera, rada na lida, yaani kifaa kinachorusha miali ya leza na kupima muda inaochukua kurudi ili kujua umbali wa kila kitu kilicho kando yake, kisha hulinganisha linachokiona na ramani ya kina iliyochorwa kabla. Lipo pia jambo ambalo matangazo hulipitia juu juu: katika kituo cha mbali wamo watu ambao gari huwauliza linapokutana na hali lisiyoielewa, kwa mfano njia iliyofungwa na mafundi. Watu hao hawaushiki usukani kwa mbali, bali hulipa gari ushauri, nalo likaendelea kujiendesha. Mimi sioni aibu yoyote katika mpango huo. Gari linalouliza limekwisha kujua kwamba halijui, na hapo hakuna binadamu anayetakiwa kuzinduka ghafla ili aokoe maisha kufumba na kufumbua.

Ngazi ya pili ni habari nyingine kabisa, na ndiyo yenye magari mengi zaidi barabarani. Kampuni ya Tesla ilizindua mfumo iliouita Autopilot mwaka 2015, na baadaye ikauza mwingine kwa jina ambalo tafsiri yake ya moja kwa moja ni "kujiendesha kikamilifu". Mwaka 2016 Elon Musk, mkuu wa Tesla, aliahidi kwamba kabla ya mwisho wa 2017 gari lake lingevuka Marekani kutoka pwani hadi pwani bila mtu kuugusa usukani, na mwaka 2019 akatabiri kuwapo kwa teksi milioni moja zisizo na dereva mwaka uliofuata. Ahadi zote mbili zilipitwa na wakati bila kutimia. Muda wote huo maelekezo ya gari yalikuwa yakimwambia mnunuzi kwamba ni lazima awe macho na tayari kuushika usukani. Desemba 2023 kampuni hiyo ililazimika kuyarekebisha kwa programu mpya magari zaidi ya milioni mbili nchini Marekani, baada ya mamlaka ya usalama barabarani kuona kwamba kinga za kumfanya dereva aendelee kuwa makini hazikutosha. Mwaka 2024 jina lile la pili likaongezewa neno lenye maana ya "chini ya usimamizi". Neno hilo lilistahili kuwapo tangu siku ya kwanza. Tesla ilipoanzisha huduma yake ya teksi mjini Austin Juni 2025, ilimweka mfanyakazi kwenye kiti cha mbele cha abiria, mahali pale pale ninapokaa mimi.

Jinsi usimamizi unavyoshindwa ilionekana mjini Tempe, katika jimbo la Arizona, usiku wa tarehe 18 Machi 2018, pale gari la majaribio la Uber lilipomgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, ulionyesha kwamba vihisi vya gari vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Huo ni muda mrefu barabarani; mwanafunzi wangu aliye dhaifu kuliko wote angeweza kulisimamisha gari na sekunde zikabaki. Lakini programu iliendelea kubadili mawazo, mara ikimdhania gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipombadilisha jina ilianza upya kukisia aendako. Haikuwa imetungwa kufikiri kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo kivuko. Breki ya dharura iliyotoka kiwandani na gari hilo nayo ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ya majaribio ikiendesha. Kinga iliyobaki ilikuwa macho ya mtu mmoja aliyeajiriwa kuketi nyuma ya usukani, na macho hayo yalikuwa kwenye simu.

Mtu huyo ndiye aliyeshtakiwa, wala kampuni haikufunguliwa mashtaka ya jinai. Sina nia ya kumtetea, kwa sababu kutazama simu akiwa katika kazi ile kulikuwa kosa kubwa. Hata hivyo miezi michache kabla ya ajali, kampuni ilikuwa imepunguza wasimamizi ndani ya kila gari kutoka wawili hadi mmoja, na mtu yule alikuwa akizunguka njia zile zile usiku baada ya usiku, nalo gari likienda vizuri karibu kila mara. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Mimi niliyefunzwa, ninayelipwa kwa kazi hiyo na niliye na mwanafunzi wa kuzungumza naye, nilichelewa kuikanyaga breki yangu siku ile niliyoieleza. Yule aliyeachwa peke yake na mashine isiyosema naye alikuwa katika hali mbaya zaidi yangu, na waliompanga hivyo walipaswa kujua.

Ngazi ya tatu naitaja kwa ufupi. Mercedes iliianzisha sokoni Ujerumani mwaka 2022, kwa barabara kuu tu na kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, na gari linapotaka kuurudisha usukani humpa mtu sekunde kumi. Sekunde kumi ni chache kwa aliyezama katika kusoma, lakini angalau masharti yameandikwa wazi na mtu anajua ni wakati gani anaruhusiwa kupumzisha macho.

Wapo watakaonijibu kwamba hata mifumo yenye kasoro ni bora kuliko madereva tulio nao. Hoja hiyo siidharau. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, zaidi ya nusu yao wakiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, na kwamba hakuna kinachoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Nimefanya kazi yangu kwa sababu ya watu hao, na mashine itakayowapunguzia vifo nitaipokea kwa mikono miwili. Ninachokataa ni kuharakishwa kwa takwimu zilizokatwa kichwa na mkia. Kwa mfano, husemwa mara kwa mara kwamba asilimia 94 ya ajali husababishwa na binadamu. Chanzo chake ni chapisho la mwaka 2015 la NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, lililoeleza kwamba jambo la mwisho katika mfululizo wa matukio yaliyozaa ajali lilihusishwa na dereva kwa kiwango hicho, na chapisho lenyewe likaonya kwamba hilo lisichukuliwe kuwa ndicho chanzo cha ajali wala kumbebesha dereva lawama. Barabara iliyochorwa vibaya, taa isiyowaka na kivuko kisichokuwapo havionekani katika asilimia hiyo, na gari lisilo na dereva litayakuta yote hayo pale pale yalipo.

Takwimu za kweli zinahitaji subira. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya RAND walikadiria kwamba ili kuonyesha kwa uhakika wa kitakwimu kuwa magari haya hayaui watu wengi kuliko madereva wa Marekani, yangepaswa kwenda maili milioni 275, yaani takriban kilomita milioni 440, bila kifo hata kimoja. Waymo ilitangaza katikati ya mwaka 2025 kwamba magari yake yamepita maili milioni 100, sawa na kilomita milioni 160, bila mtu kwenye usukani, na takwimu inazochapisha zinaonyesha ajali zenye majeruhi zikiwa chache sana zikilinganishwa na za madereva wa kawaida wa miji hiyo. Nazipokea kwa uzito, ingawa zimetolewa na mwenye mali. Lakini takwimu hizo ni za ngazi ya nne, katika miji iliyochorwa kwenye ramani kipande kwa kipande, na si haki kabisa kuzitumia kumuuzia mtu gari la ngazi ya pili, kama nionavyo ikifanyika katika mijadala mingi.

Hata ngazi ya nne nayo ina mambo ya kujifunza. Tarehe 2 Oktoba 2023 mjini San Francisco, mtembea kwa miguu aligongwa na gari lililoendeshwa na binadamu, akarushwa mbele ya teksi ya kampuni ya Cruise isiyokuwa na dereva. Teksi ilifunga breki na kusimama, kisha ikaamua kujisogeza kando ya barabara, kama ilivyofundishwa, huku mtu yule akiwa chini yake, ikamburuta takriban mita sita. Dereva yeyote angeshuka kwanza akatazama. Kampuni haikueleza wazi habari ya kuburutwa katika taarifa yake kwa mamlaka, kibali chake kikasimamishwa mwezi huo huo, na Desemba 2024 wamiliki wake, General Motors, wakatangaza kuacha kuigharamia biashara hiyo ya teksi. Desemba 2025, umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya mji huo huo na taa za barabarani zikazimika, teksi nyingi za Waymo zilisimama njiani zikawa kizuizi. Kusimama si usalama kila mahali. Jambo hilo mimi huwaambia wanafunzi wangu katika wiki ya kwanza, maana gari lililosimama katikati ya makutano limewaachia wengine wote kazi ya kulikwepa.

Kuhusu miaka ijayo, maoni yangu ni kwamba teksi za ngazi ya nne zitaendelea kuongezeka mji kwa mji, polepole kuliko wanavyoahidi wenye kampuni na haraka kuliko wanavyodhani wanaozibeza. Malori ya masafa marefu yatafuata kwenye barabara kuu, kama ilivyoanza mwaka 2025 kati ya miji ya Dallas na Houston nchini Marekani. Gari la kwenda popote, katika mvua kubwa na kwenye barabara isiyo na mistari, siliweki katika hesabu za karibu. Wasiwasi wangu uko kwa yale yatakayouzwa kwa wingi kwa watu binafsi, yaani magari ya ngazi ya pili yanayozidi kuwa mazuri kila yanapoongezewa programu mpya. Uzuri huo ndio unaonitisha. Mfumo unaokosea kila baada ya dakika tano humfanya mtu awe macho, ilhali ule unaokosea mara moja kwa miezi mitatu humkuta amelala, na safari ile moja ndiyo yenye mtoto kwenye kivuko.

Nchi kadhaa zimeanza kulitambua hili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2024 kuhusu magari yanayojiendesha inamwondolea mtu aliye kwenye usukani mashtaka yanayotokana na uendeshaji wenyewe wakati mfumo ulioidhinishwa unapoendesha, inaweka wajibu huo kwa kampuni iliyopewa idhini, na inatia hatiani matangazo yanayomfanya mnunuzi aamini kwamba gari linajiendesha wakati halijaidhinishwa hivyo. China, baada ya ajali iliyoua watu watatu Machi 2025 katika gari lililokuwa likitumia mfumo wa kumsaidia dereva, ilizikataza kampuni kuiita mifumo ya namna hiyo kwa majina ya kujiendesha katika matangazo yao. Huo ndio mwelekeo ninaotamani uenee kila mahali, kwa sababu jina ndilo linalomwambia mguu wa mtu ukae wapi.

Ombi langu kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, ni dogo lakini nalitoa kwa moyo wote. Mnapoandika habari ya gari la aina hii, hasa ya ajali, mwelezeni msomaji ni nani aliyekuwa kwenye kiti cha dereva, kama alitakiwa kutazama barabara au la, na nani anayewajibika kisheria. Gari linalohitaji mtu alitazame muda wote liitwe gari lenye mfumo wa kumsaidia dereva, hata kama mtengenezaji amelipa jina lingine. Na msomaji anayefikiria kununua gari la namna hiyo namwomba kwanza aketi saa nzima kando ya dereva mzuri, asizungumze, asiiguse simu, awe tayari wakati wowote kuikanyaga breki ambayo huenda isihitajike, kisha ajihesabie kwa ukweli ni mara ngapi mawazo yake yalitoka nje ya gari.

Wako,
Mwalimu wa udereva